Ukulele Bila Mkanda: Nyenzo, Msuguano na Mkono Uliolegea

Ukulele ni chombo cha muziki chenye nyuzi nne na umbo la gitaa lililopunguzwa, nacho kilipata jina na sura yake katika visiwa vya Hawaii, bahari ya Pasifiki. Ile ndogo iliyo ya kawaida, iitwayo soprano, ina urefu wa sentimita 53 hivi, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi huweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Kwa sababu hiyo mtu asiyeijua hudhani kwamba kuishika si kazi. Lakini mwalimu aliyepata kufundisha darasa la wanaoanza ataeleza mambo mengine: baada ya dakika kumi bega la kushoto limepanda karibu na sikio, kidole gumba kinauma, chombo kinateleza kuelekea magotini, na sauti inayotoka ni hafifu kana kwamba imefungiwa ndani ya sanduku. Wengi huacha hapo, wakiamini kwamba hawakuzaliwa na kipaji cha muziki. Kwa hakika kilichowashinda si muziki bali ni mekanika, na mekanika yenyewe ni ileile inayofundishwa katika madarasa ya mwanzo ya sekondari: kanuni ya nyenzo, kitovu cha uzito, na msuguano.

Gitaa la kisasa huvaliwa kwa mkanda begani. Ukulele ya mtindo wa zamani haina hata kitufe cha kufungia mkanda. Jambo hili lina historia yake. Mwezi wa Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, ambacho ni cha Ureno, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Hawa baadaye walifungua karakana zao na kuanza kuunda vyombo vidogo kwa kufuata mfano wa kile cha kwao kiitwacho machete, wakitumia mbao za koa, mti wa Hawaii ulio wa jamii ya migunga. Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, alikipenda chombo hicho akakiingiza katika shughuli za kasri lake. Na maonyesho makubwa yaliyofanyika San Francisco mwaka 1915 yakakitangaza kote Marekani. Chombo chepesi namna hiyo mtu alikitwaa mkononi, akakipiga, akakiweka. Hakukuwa na haja ya kukivalia mkanda.

Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba mpigaji wa udi katika taarabu naye hana mkanda. Hukaa kitako, akaliweka tumbo la udi juu ya paja, kisha akalituliza kwa kigasha cha mkono wa kulia, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Kanuni ni hiyohiyo. Tofauti iliyopo ni kwamba udi ni mnene na hukaa wenyewe mapajani, ilhali ukulele ni nyembamba, na mara nyingi mpigaji wake husimama.

Uzito uko wapi?

Hebu tuanze na jaribio ambalo halihitaji chombo chochote cha maabara. Laza ukulele juu ya kidole kimoja kilichonyooshwa, ukikisogeza kidole mpaka chombo kisawazike bila kuangukia upande wowote. Mahali hapo ndipo kitovu chake cha uzito kilipo. Katika soprano nyingi utakiona ndani kidogo ya tumbo, karibu na mahali shingo inapoungana nalo.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue ukulele yenye tungamo la gramu 400. Tukihesabu mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kilogramu, uzito wake ni nyutoni 4. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 18 kutoka kitako cha chombo. Mpigaji amesimama, amekibana chombo kifuani kwa kigasha cha kulia mahali palipo sentimita 6 kutoka kitako, na mkono wa kushoto unaitegemeza shingo karibu na freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya madini vinavyokatiza shingo), sentimita 41 kutoka kitako. Chombo kimelala sawasawa na sakafu.

Tukikichukua kigasha kuwa egemeo, uzito unafanya kazi umbali wa sentimita 12 kutoka egemeo hilo, na mkono wa kushoto umbali wa sentimita 35. Momenti ya uzito ni 4 × 0.12, yaani nyutoni-mita 0.48. Ili kuisawazisha, mkono wa kushoto unatakiwa kuinua kwa kani ya 0.48 ÷ 0.35, ambayo ni nyutoni 1.4 hivi. Hii ni sawa na kushika mayai mawili makubwa, au matatu madogo. Hakuna mkono unaochoka kwa sababu ya mayai matatu. Kwa hiyo yule mwanafunzi ambaye kidole gumba kinamuuma hakulemewa na ukulele. Analemewa na kani anazozizusha yeye mwenyewe kwa kuikaba shingo.

Nyutoni 2.6 zilizobaki zinachukuliwa na msuguano kati ya kigasha, ubao na nguo ya kifuani. Kuna nyuso mbili zinazosuguana, moja mbele na moja nyuma. Tukikadiria kwamba kizigeu cha msuguano ni 0.4 kwa kila uso, kani ya kubana inayohitajika ni 2.6 ÷ 0.8, yaani nyutoni 3.25. Ni kani ndogo pia. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini nguo ina maana kubwa. Shati la nailoni linaloteleza likikipunguza kizigeu hadi nusu, mpigaji atalazimika kubana mara mbili zaidi, na atafanya hivyo bila kujua, kwa kukaza misuli ya bega. Mkono ulio wazi hushika ubao uliopakwa vanishi vizuri zaidi kuliko mkono wa shati jepesi. Mwanafunzi mwenye sweta inayoteleza na akunje mkono wake kwanza, au aweke kipande chembamba cha mpira wa povu kati ya mgongo wa chombo na kifua. Dawa hiyo ni rahisi, nami sioni kwa nini mwanafunzi ateseke kwa ajili ya heshima ya kutotumia kitu.

Mkono wa kushoto hauwezi kukaa mahali pamoja. Unapohama kutoka kodi moja hadi nyingine, mathalan kutoka kodi ya C, ambayo huhitaji kidole kimoja tu kwenye freti ya tatu, hadi ile ya F inayohitaji vidole viwili, huenda ukaiachia shingo kwa nukta moja. Kwa nukta hiyo mbano wa kigasha unabeba uzito wote pamoja na momenti yote ya 0.48. Hapo ndipo kichwa cha chombo huzama na mwanafunzi hushtuka akakidaka. Kuna njia mbili za kuzuia hali hiyo, na zote mbili ni za kifizikia.

Ya kwanza ni kuinua kichwa cha chombo kiwe juu ya tumbo lake. Shingo ikiinuka hadi nyuzi 45 kutoka mlalo, umbali wa mlalo kati ya egemeo na kitovu cha uzito hupungua kwa kuzidishwa na 0.71, na momenti hushuka kutoka 0.48 hadi 0.34. Hapa wanafunzi wengi husema haraka kwamba mzigo wa mkono wa kushoto nao umepungua. Sivyo, ikiwa mkono huo unainua kwenda juu wima: umbali wake kutoka egemeo umepungua kwa kiasi kilekile, na jibu linabaki nyutoni 1.4. Kilichopata nafuu ni mbano wa kulia wakati mkono wa kushoto umeondoka. Mwalimu anaweza kulitumia swali hili katika mtihani. Litawatenganisha waliokariri kanuni na wale walioielewa.

Njia ya pili ni kuupanua mbano. Ubao uliogongomewa ukutani kwa msumari mmoja huzunguka. Uliogongomewa kwa misumari miwili hutulia. Kadhalika, kigasha kinachogusa chombo kwa nukta moja kitakiacha kizunguke, lakini kikilazwa kukata ukingo wa tumbo, na kiungo cha kiwiko kikikumbatia kidogo upande wa kitako, mguso unakuwa mrefu na hupinga mzunguko bila kukazwa zaidi.

Kukaa ni rahisi kuliko kusimama

Mpigaji akikaa, paja la kulia hubeba karibu uzito wote, na hesabu hubadilika. Tuseme paja linakigusa chombo kwenye kiuno chake, sentimita 14 kutoka kitako. Sasa paja ndilo egemeo. Kitovu cha uzito kiko sentimita 4 tu upande wa shingo, na momenti yake ni 4 × 0.04, yaani nyutoni-mita 0.16. Kigasha, kilichoko sentimita 8 upande wa pili, kinahitaji kusukuma chini kwa nyutoni 2 tu ili mambo yasawazike. Ni pembea ya watoto: mmoja mzito karibu na gogo, mwingine mwepesi mbali zaidi. Kigasha cha kijana pamoja na kiganja chake kina tungamo linalozidi kilo moja, yaani uzito unaozidi nyutoni 10, hivyo hana haja ya kusukuma hata kidogo. Akiulegeza mkono sehemu ndogo ya uzito wake inatosha. Mkono wa kushoto unabaki huru kabisa.

Kwa ajili hiyo ninashauri darasa lianze likiwa limeketi, na kwa majuma kadhaa. Kiti kiwe kifupi kiasi kwamba paja lisiteremke kuelekea gotini. Kikiwa kirefu, wekeni tofali au kitabu kinene chini ya mguu wa kulia. Katika shule za Halifax nchini Kanada, ambako J. Chalmers Doane aliifanya ukulele kuwa chombo cha kufundishia muziki tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mamia ya watoto walijifunza kusoma muziki kwa chombo hiki, na ni dhahiri kwamba kazi kama hiyo haiwezekani ikiwa kila mtoto anahangaika kuzuia chombo kisianguke.

Kuna hatari moja katika kukishika chombo vizuri mno. Mbao za tumbo ndizo zinazotoa sauti. Uzi peke yake ni mwembamba na hausukumi hewa ya kutosha kusikika chumba kizima. Mitetemo ya nyuzi hupitia kwenye daraja, ikauchezesha ubao wa mbele, nao ubao ukaichezesha hewa iliyo ndani ya tumbo pamoja na ubao wa nyuma. Ukiukumbatia mgongo wote wa chombo tumboni mwako, umeuziba ubao mmoja. Ukilaza kigasha katikati ya ubao wa mbele karibu na daraja, umeuziba mwingine. Jaribu mwenyewe: piga nyuzi zikiwa wazi huku rafiki yako akiugandamiza mgongo wa chombo kwa kiganja, kisha auachie. Tofauti husikika mara moja. Basi mguso wa nyuma uwe wa ukingo tu, na wa mbele uwe wa ukingo wa tumbo. Baadhi ya mafundi huunda mgongo uliobinuka nje kidogo, na umbo hilo husaidia, kwa kuwa sehemu inayogusa kifua huwa ndogo.

Mahali pa kupigia

Kupiga ukulele kwa namna ya kawaida ni kufagia nyuzi zote nne kwa kidole cha shahada: kikishuka, ukucha ndio unaogusa, kikipanda, nyama ya ncha ya kidole. Swali ni kufagia wapi. Anayetoka kwenye gitaa hupiga juu ya tundu la sauti au karibu na daraja. Kwa soprano hilo ni kosa, na sababu yake yaweza kuhesabiwa.

Uzi uliokazwa kwa kani T ukivutwa pembeni kwa umbali mdogo y, kani inayohitajika ni T × y × (1/a + 1/b), ambapo a na b ni umbali kutoka mahali unapovuta hadi ncha mbili za uzi. Katika soprano urefu wa uzi unaotetema ni sentimita 34.5 hivi. Ukivuta katikati kabisa, a na b ni sawa, na kani ni 4Ty/L, L ikiwa ni urefu wa uzi. Ukivuta kwenye sehemu ya nane ya urefu kutoka daraja, yaani sentimita 4.3, kani inakuwa 9.1Ty/L. Ni zaidi ya mara mbili. Kila mara mkono unapousukuma uzi, uzi nao unakisukuma chombo kwa kani iliyo sawa na yenye mwelekeo wa kinyume, kama Newton alivyoeleza. Kwa hiyo anayepiga karibu na daraja anakitingisha chombo zaidi, na asiye na mkanda analazimika kukibana zaidi ili kisitingishike. Hapo mkono ule mmoja unatakiwa kubana na kulegea kwa wakati mmoja, jambo ambalo haliwezekani.

Katika soprano ya mtindo wa zamani, katikati ya uzi ni pale penye freti ya kumi na mbili, na ndipo shingo inapoungana na tumbo. Fagia hapo au kidogo upande wa tundu. Uzi hapo ni laini, na sauti ni nene na tulivu, kwa sababu uzi uliovutwa katikati kabisa hauzai sauti za ziada ambazo zina kituo mahali hapo, yaani ile yenye mitetemo maradufu ya sauti ya msingi, ile ya mara nne, na kuendelea. Ukisogea kuelekea daraja sauti hizo hurudi na chombo hulia kwa ukali zaidi. Mpigaji hodari huzitumia sehemu zote mbili kwa makusudi. Anayeanza na abaki kwenye maungano ya shingo.

Kama kidole hakifiki hapo, usikivute kifundo cha mkono. Sogeza kigasha chote mbele kidogo juu ya ukingo mpaka kidole cha shahada kianguke chenyewe mahali pake. Watoto wenye mikono mifupi hushika karibu zaidi na kiuno cha chombo, wala hakuna ubaya.

Mwendo wenyewe hautoki kwenye bega wala kiwiko. Kigasha kina mifupa miwili, na mmoja huuzunguka mwenzake kila tunapogeuza ufunguo mlangoni au tunapokung'uta maji vidoleni baada ya kunawa. Mwendo huo wa kukung'uta maji ndio wa kufagia nyuzi: mkono unageuka, kifundo kimelegea, vidole vinafuata kwa uzito wao. Kigasha hakiondoki mahali kinapokibana chombo, kwa kuwa kinageuka juu ya mhimili wake chenyewe. Hapa ndipo unapoona kwamba kushika na kupiga si kazi mbili zinazoshindana.

Kuhusu maumivu, mwanafunzi wa biolojia atakumbuka tofauti kati ya msuli unaokazwa na kulegezwa kwa zamu, na msuli unaokazwa mfululizo. Ule wa kwanza huisukuma damu kama pampu. Wa pili huibana mishipa yake yenyewe, oksijeni ikapungua, uchovu ukaja upesi. Shika kitabu cha nusu kilo kwa mkono ulionyooshwa mbele na uhesabu dakika utakazovumilia. Kuikaba shingo ya ukulele ni kazi ya namna hiyo. Dawa ni kuilaza shingo katika panda iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, na kukandamiza uzi karibu kabisa nyuma ya freti, ambapo kani ndogo inatosha. Ikiwa hata hivyo freti ya kwanza inahitaji nguvu nyingi, si kosa la mwanafunzi: mara nyingi kijiti cha juu kinachopitisha nyuzi kimeachwa kirefu mno kiwandani, na fundi anaweza kukipiga tupa kwa muda mfupi. Kifundo kisikunjwe sana, kwani mkunjo mkali huongeza mgandamizo juu ya neva inayopita ndani yake. Vidole vikianza kufa ganzi, weka chombo chini.

Ukulele kubwa zaidi, zile za tena na baritoni, zina urefu wa uzi wa sentimita 43 na 50 hivi, na ni nzito. Mpigaji wake akisimama afadhali atumie mkanda.

Darasa lenye mizani ya springi linaweza kuzihakiki hesabu hizi. Egemeza chombo kwenye penseli iliyolazwa sentimita 6 kutoka kitako, ning'iniza shingo kwa uzi mwembamba kwenye freti ya kwanza, na usome mizani. Ikisoma karibu na nyutoni 1.4, chombo chako kinafanana na cha mfano wetu. Ikisoma 2 au zaidi, tazama vigingi vya kukazia nyuzi. Vile vya gia vikiongeza gramu 60 kichwani, sentimita 48 kutoka kitako, momenti huongezeka kwa 0.6 × 0.42, yaani 0.25, na mzigo wa mkono wa kushoto hupanda kwa nyutoni 0.7. Hiyo ni nusu nzima ya mzigo wa kwanza, kwa nyongeza ambayo kwenye mizani ya dukani isingemshtua mtu.